Siagi Chini ya Askofu

Zelinda Passeri hakuwa mtu mzuri, wala hakuwahi kujitia uzuri. Watoto wa Montelasco wakipita mbele ya mlango wake walipita mbio. Padre alikuja mara moja kwa mwaka kubariki nyumba, na hata yeye alinyunyiza maji yake ya baraka mguu mmoja ukiwa ndani na mwingine nje, tayari kwa lolote. Na shemeji yake Amilcare, ambaye nyumba zao zilishikana ukuta kwa ukuta, hakuwa amebadilishana naye neno kwa miaka ishirini na saba, ukiacha matusi.

Chuki hiyo ilikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe unene wake haukuzidi kidole kimoja.

Montelasco ni kijiji cha wachimba mawe. Mlima wake umelala matabaka matabaka, jiwe juu ya jiwe, na kila tabaka lina jina lake. Kuna Mgongo wa Nyumbu, kuna Jicho la Jogoo lenye madoa mekundu, kuna Mkate ambalo ni jembamba na hukatika vizuri. Jiwe usilolijua jina huligusi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Na kila mwaka tarehe nne Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara ambaye ndiye mlinzi wa wachimbaji, msimamizi wa machimbo husimama mbele ya meza ya karamu na kuyataja matabaka yote kutoka juu hadi chini bila karatasi. Kila akitaja moja, wanaume hugonga meza kwa ngumi mara moja, maana yake ni kweli, tunalijua. Akikosea au akikatizwa, anaanza upya kutoka juu.

Zelinda aliyajua yote. Baba yake hakujaaliwa mtoto wa kiume, na binti huyu ndiye aliyempelekea maji machimboni. Jioni wakirudi nyumbani mzee alimtajisha matabaka, na kila alilosahau alivutwa nywele. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa hasahau hata moja. Yalikuwa sitini na manne.

Katikati ya hayo sitini na manne kulikuwa na matatu yaliyofuatana. Juu lilikuwa Askofu, jiwe nene zito, halisogei bila wanaume wanane. Chini lilikuwa Kiziwi, nene shibiri moja na nusu, limejaa nyufa, mgongo wake mweupe kabisa ilhali mawe yaliyolizunguka ni mekundu. Na kati ya Askofu na Kiziwi ilikuwepo Siagi.

Siagi haikuwa jiwe. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi, kijani upande wa chini, mwekundu upande wa juu, unateleza mikononi. Mnunuzi wa mawe hakuwa na haja nao. Wanawake ndio waliokuwa na haja nao. Ukisiriba sakafu ya tanuri la mkate kwa Siagi, moto haupasui na mkate hauungui chini. Kwa hiyo bwana harusi wa Montelasco, wiki moja kabla ya ndoa, alikwenda na kisu akakwangua Siagi kikapu kizima akampelekea mchumba wake. Mwaka 1949 Settimio Passeri alimpelekea Zelinda vikapu viwili.

"Unaoa au unajenga kanisa?" Amilcare, kaka yake mkubwa, alimcheka mbele ya watu.

"Naoa mwanamke anayekula," Settimio akajibu.

Donge lililobaki Zelinda alilifunga kwa kitambaa kibichi, akaliweka kwenye mtungi chini ya nyumba, la kuzibia nyufa za tanuri. Kila mwezi alilimwagia maji kidogo. Hakujua kwamba angelitunza miaka mingi kuliko alivyomtunza mumewe.

Sasa, Kiziwi liliitwa hivyo kwa sababu ukiligonga kwa nyundo haliitiki. Mawe mengine hulia kama kengele. Hilo hutoa mlio mfu, kwa kuwa mgongoni kwake kuna Siagi, na Siagi haishiki. Kiziwi halijashikamana na mlima, limejilaza tu. Ndiyo maana ndani ya mapango ya kuchimbia hakuna aliyethubutu kuliacha Kiziwi likawa dari. Unaliangusha lote kwanza, mpaka ulione tumbo la Askofu, ndipo unapoacha nguzo na kuendelea na kazi. Kuliangusha ni jasho la bure la siku nyingi, kwa sababu jiwe lenyewe haliuziki. Lakini ndiyo kazi.

Mwaka 1957 Amilcare alipewa usimamizi, na cheo kikampanda kichwani. Alifungua pango jipya karibu na kinu cha zamani, akataka aonekane anatoa mawe mengi kuliko msimamizi aliyepita. Akaliacha Kiziwi juu. Mwezi wa Machi, wenzake wakiwa nje wanakula mkate, Kiziwi lilimshukia Settimio.

Hakimu alikuja kutoka mjini, akaketi kwenye meza ile ile ya karamu. Amilcare akasema kwamba mdogo wake alikuwa ameichonga nguzo kwa siri ili apate mawe zaidi; tamaa ndiyo iliyomwua, na kidogo tu angewaua na wenzake. Zelinda akasimama na nguo zake za msiba akasema ni Siagi.

"Siagi gani tena?" hakimu akauliza. "Mama, wewe ulikuwa jikoni. Tuwaachie wanaojua mlima waseme."

Akamwamuru Amilcare ayataje matabaka. Amilcare akayataja. Alipofika kwenye Askofu, akaruka, akasema Kiziwi. Na wanaume wa Montelasco, ambao wote walikuwa wameoa na wote walikuwa wamekwangua kikapu chao, waliinamia meza. Ukweli ungefunga machimbo, na machimbo yakifungwa kijiji kinakula nini? Wakagonga meza. Sitini na matatu, ngumi sitini na tatu. Hakimu akaandika.

Wiki hiyo hiyo ule ukuta wa mlima ulio kando ya barabara, mahali pekee ambapo Siagi ilionekana na kila mpita njia, ulipigwa mkanda wa saruji, eti kuzuia maji. Baadaye yakaja majiko ya gesi na hakuna bibi harusi aliyetaka udongo tena. Vijana wakafundishwa sitini na matatu, wakaamini. Binti wa Zelinda alikua akiitwa mtoto wa mla nguzo, na siku alipopata pa kwenda alikwenda, hakurudi. Zelinda akabaki na tanuri, mtungi, na roho iliyokauka. Hakutaka huruma ya mtu. Alitaka jambo moja tu: mtu asimame mbele ya meza ile aseme Settimio hakujiua kwa tamaa. Na aliwachukia wote kwa kuwa kila mmoja wao angeweza kulisema.

Basi mwaka 1984, mwezi wa Septemba, alikuja profesa.

Jina lake Galvagni, mtu mrefu mwenye kaptula, miguu myeupe, nyundo ndogo kiunoni na lenzi inayoning'inia shingoni. Siku ya tatu ya kumwona ameinama kwenye ukuta wa barabarani, Zelinda alimtokea kwa nyuma.

"We bwana! Umeangusha nini hapo?"

"Habari za asubuhi, mama. Nausoma mlima."

"Mlima hausomwi. Unavunjwa, unauzwa, na ukichoka unaua. Toa gari lako, limewazibia kuku wangu njia."

Profesa akacheka, kosa la kwanza. Kosa la pili, akaanza kumwelimisha. Akamwambia, polepole kama anayemlisha mtoto uji, kwamba mlima huu zamani ulikuwa tope chini ya bahari. Tope lilishuka kidogo kidogo, unene wa kidole kwa miaka elfu na zaidi. Na kwa hiyo jiwe la chini ni kongwe, la juu ni changa.

"La chini kongwe, la juu changa," Zelinda akarudia. "Umelisomea hilo miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, pamoja na shahada ya uzamivu."

"Pole. Hapa hata punda wanalijua."

Profesa hakukata tamaa. Akaonyesha chini ya mkanda wa saruji: kwenye jiwe hili, alisema, kuna vigamba vya wadudu wa bahari, vikubwa kama chembe za mchanga, unavihesabu kwa lenzi. Juu ya mkanda, vimekwisha ghafla. Vimebaki vidogo vidogo vya kutafuta kwa shida. Mahali pengine, kati ya jiwe la namna hii na la namna ile, pana udongo mwembamba, na ndani ya udongo huo pana vumbi lisilo la dunia hii. Wapo wanaosema ni vumbi la jabali lililoanguka kutoka angani miaka milioni sitini na tano iliyopita, likaua karibu nusu ya vilivyokuwa hai, nchi kavu na baharini.

"Lakini hapa kwenu udongo huo haupo," alimaliza. "Mlima umeupoteza. Pana pengo. Inasikitisha, ningependa sana uwepo."

Zelinda akamsogelea hatua moja.

"Mlima haujapoteza kitu. Nani kakwambia haupo?"

"Bwana Amilcare Passeri. Amenitajia matabaka yote, nimemrekodi. Sitini na matatu. Hii saruji anasema ni ya kuzuia maji, tena amenikataza kuigusa, jabali lisije likaangukia barabara."

"Amilcare ni mwongo, na wewe ni gunia la kutiliwa chochote. Ni sitini na manne."

"Mama, kwa heshima zote," profesa akasema, naye sasa amekunja uso, "yule mzee amekaa humo ndani miaka hamsini. Wewe ulikuwa jikoni."

Neno lile lile. Zelinda alimtazama mpaka profesa akaanza kuchezea kamba ya lenzi yake. Angeweza kwenda kuuleta mtungi dakika ile. Lakini ingesaidia nini, mtu mmoja wa mjini, kando ya barabara, na kuku ndio mashahidi? Uongo ulikuwa umegongewa meza. Haukuwa wa kufutwa pembeni.

"Wamekualika siku ya Barbara?"

"Ndiyo, wamenialika, kwa ukarimu mkubwa."

"Njoo. Na gari utoe."

Tarehe nne Desemba ukumbi wa wachimbaji ulijaa saa sita mchana. Kulikuwa na supu ya dengu na soseji, mikate bapa ya kuchomwa juu ya jiwe, na majagi ya divai. Profesa alikalishwa kulia kwa Amilcare, na kinasa sauti chake kimewekwa kati ya sahani. Amilcare alikuwa na miaka sabini na mmoja, bado amesimama wima, tai shingoni. Akaanza. Mgongo wa Nyumbu, ngumi. Dada Wawili, ngumi. Jicho la Jogoo, ngumi. Profesa anatabasamu kama mtu aliyepelekwa ngomani.

"Askofu," Amilcare akasema. Ngumi. "Kiziwi."

"Umeruka moja, shemeji."

Ngumi ziliganda hewani. Zelinda alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeusi, mtungi kifuani. Hakuwa amekanyaga ukumbi ule tangu siku ya hakimu.

"Mtoeni nje," Amilcare akasema. "Kalewa."

"Nilewe nini, na divai yote mmeinywa nyinyi?" Alishapita kati ya meza. Hakuna aliyenyoosha mkono kumzuia. "Quinto, sogeza hilo bakuli. Sogeza, nimesema!"

Quinto, fundi mwashi mwenye mabega kama kabati, akalisogeza. Zelinda akafungua kitambaa, akalibwaga donge mbele ya profesa, pu, supu ya sahani yake ikamrukia kwenye shati.

Profesa akaanza kukasirika, halafu akaacha. Akalichukua donge. Akaligeuza. Akachota kidogo kwa ukucha, akatia mdomoni, akatafuna kwa meno ya mbele, taratibu. Akavuta lenzi. Upande wa chini wa donge ulikuwa umeng'ang'ania kipande cha jiwe jeupe, saizi ya kifungo, alichokitoa Settimio kwa kisu miaka thelathini na mitano nyuma. Profesa akakikodolea jicho kipande kile, akageuza upande wa pili, akakodoa tena.

"Huu umeutoa wapi, mama?"

"Jikoni," Zelinda akasema. "Kule ulikoniambia nilikuwa."

"Ni udongo wa mtoni huo!" Amilcare akadakia. "Wanawake wote walichota mtoni. Profesa, usipoteze muda wako na kichaa."

"Hapana, hapana, wa mtoni hauwi hivi." Profesa hata hakumtazama. "Kijani chini, mwekundu juu. Na hili jeupe… hapa kuna vile vigamba vikubwa, vya mwisho kabisa. Mwisho wao ndio huu. Mama, unajua umeshika nini? Hii ni siku ambayo—"

"Sijali ni siku gani," Zelinda akamkata. "Nataka kukuuliza moja, nawe ujibu kwa sauti, wasikie. Huo udongo huruka?"

"Huruka vipi?"

"Uko kule barabarani, chini ya saruji. Yawezekana mahali pengine katika mlima huu huu, kati ya Askofu na Kiziwi, usiwepo?"

"Aa, hapana. Lilikuwa vumbi la dunia nzima, mama. Umeonekana Denmark, umeonekana Uhispania. Bahari yote ilifunikwa. Kama uko barabarani, uko mlima mzima kwenye mstari huo huo."

"Hata kwenye pango la kinu?"

"Popote yalipo hayo mawe mawili. Lazima uwepo."

Wazee wakaweka vijiko chini. Profesa peke yake ndiye hakujua amesema nini. Aliendelea kufurahi: sasa angeibandua ile saruji barabarani, angepima, hakuna pengo tena. Halafu akauliza, kwa nia njema ya mtu asiye na habari, "Lakini nani alipiga saruji mahali pa maana namna ile?"

"Mimi," Quinto akasema.

"Funga domo, Quinto," Amilcare akasema.

"Nilifunga miaka ishirini na saba." Quinto alikuwa anaiangalia mikono yake. "Nilipiga mimi. Siku ya tatu baada ya mazishi. Uliniletea mifuko mwenyewe, ukaniambia niweke nene."

"Na wewe ulikuwa wapi siku ya hakimu? Wewe, na wewe, na wewe hapo?" Amilcare akawa anawanyooshea kidole mmoja mmoja, tai imemkaa upande. "Niligonga meza mimi? Nilitaja tu! Mliogonga ni nyinyi!"

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo Zelinda alilolichukia kuliko yote. Akamgeukia profesa.

"Hesabu yako ya kidole. Shibiri moja na nusu ni miaka mingapi?"

Profesa akakisia kwa vidole hewani. "Elfu thelathini hivi. Kwa nini?"

"Ndiyo iliyomwangukia mume wangu. Miaka elfu thelathini, na juu yake Siagi ya kuitelezesha. Kisha wakasema alijiangushia mwenyewe." Akamtazama shemeji yake. "Taja upya. Umekatizwa, sheria unaijua."

"Mnataka kumzika mtu mara ya pili?"

"Nataka kumfukua. Taja."

Amilcare akatafuta jicho la kumsaidia, akakosa. Wote walikuwa wameinamia sahani zao, kama siku ile walivyoinamia meza. Safari hii aliyeachwa peke yake alikuwa yeye. Akashika ukingo wa meza. Akaanza kutoka juu, sauti imekwaruza. Mgongo wa Nyumbu. Dada Wawili. Jicho la Jogoo. Ngumi zilishuka moja moja, nzito. Alipofika kwenye Askofu akairekebisha tai yake.

"Endelea, shemeji."

"Siagi," Amilcare akasema.

Ngumi ya kwanza ilikuwa ya Quinto, kisha nyingine zikafuata ovyo ovyo, vijana wakiwatazama wazee wao kwa kutoelewa. Amilcare alifungua mdomo kutaja lililofuata, akaufunga. Akajaribu tena. Kiziwi halikutoka. Badala yake alisema, chini chini, akiisemesha supu yake:

"Settimio hakugusa nguzo."

"Kwa sauti," Zelinda akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Amilcare alimtazama kwa chuki tupu, ile aliyoizoea Zelinda kupitia ukuta miaka yote, na Zelinda akamrudishia ile ile, haikupungua hata chembe.

"Settimio hakugusa nguzo!" Amilcare akapiga kelele. "Niliacha Kiziwi juu. Mimi. Haya, mmesikia?"

Wanaume wakagonga meza, mara moja.